Fisi Maji Juu ya Etaji

Papa Barthélemy alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa bado napanga picha za kuonyesha shuleni Jumatatu. Hakunisalimu.

"Wewe njo ule mwalimu wa samaki?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Jina langu ni Nshobole. Nilimaliza masomo ya biolojia mwaka uliopita, na tangu hapo nazunguka shule za msingi za Goma nikiwaeleza watoto habari za viumbe wa Ziwa Kivu. Kazi hii hakuna aliyenipa, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyenifukuza. Watu waliniita Mwalimu wa Samaki, nami nikalipokea jina hilo, ingawa kila mara naeleza kwamba ziwa si samaki peke yake.

"Basi kuya mbio," akasema. "Samaki wako iko kwenye etaji yangu, na iko analia."

Samaki halii. Nilivaa viatu nikiwaza hilo, na nilipofika barabarani nilikuwa tayari nakimbia.

Etaji ni nyumba ya ghorofa, na katika avenue ile, mtaani Majengo, iko moja tu. Nyumba nyingine zote ni za mbao, zimekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama kuku wanaotamia. Ya Papa Barthélemy, karani mstaafu, ina ngazi za saruji upande wa nje, na juu yake hakuna paa. Kuna sakafu tupu na vyuma vya nguzo vinavyochungulia mbinguni, vikingoja ghorofa ya pili ambayo watoto wake walioko Ulaya huiahidi kila Noeli.

Nilipanda nikakuta nusu ya avenue imejaa pale juu. Walikuwa wamesimama kwa duara, kila mmoja ana mfuniko wa sufuria mkononi, wanapepea. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama mmoja mnene mwenye uso mtulivu, miguu yake ndani ya basini la maji, na mapajani pake palikuwa na kitenge cha kijani kilichokunjwa kama kiota. Ndani ya kitenge kilitokeza kichwa kidogo cha kahawia chenye masharubu.

"Musiache kupepea," Papa Barthélemy aliwaamuru. "Hewa ya hapa ni ya kwanza Majengo yote, lakini inataka kusukumwa."

Nilipiga magoti. Alikuwa mtoto wa fisi maji. Kooni alikuwa na madoa meupe, kama aliyemwagikiwa uji, na vidole vyake vilishikana kwa ngozi kama vya bata. Fisi maji mkubwa nimewahi kumwona kwa mbali, kichwa tu, akipotea nyuma ya mawe. Nimewasimulia watoto wa shule nyingi kwamba mnyama huyu anaishi katika ziwa letu sisi wenyewe, na mara nyingi wamenitazama kama mtu anayewauzia mbuzi aliye ndani ya gunia. Na sasa yuko hapa, Majengo, ananuka samaki, na ananipigia mwayo.

"Ni samaki wa aina gani?" mama mmoja akauliza.

"Si samaki, mama. Anapumua hewa kama sisi, na anamnyonya mama yake kama sisi. Anaitwa fisi maji."

"Nilisema mimi," akadakia mwingine. "Samaki gani ana masharubu kama ya Papa Barthélemy?"

"Usitaje masharubu yangu juu ya etaji yangu," Papa Barthélemy akasema.

Kando ya basini kulikuwa na karamu nzima: tonge la fufu, vidagaa vya sambaza vya kukaanga, kikombe cha maziwa ya Masisi, na chupa ya Fanta iliyofunguliwa.

"Amekula nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu. Amekataa hata Fanta," akajibu yule mama wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayesikitikia malezi mabaya.

"Na kwa nini yuko huku juu?"

Mifuniko ikasimama. Walinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Mazuku," wakasema kwa pamoja.

Hapo nikaelewa, na nikaona haya kidogo kwa kuwa nami nimekulia Goma. Asiyetoka kwetu naye aelewe. Chini ya volkano zetu hutoka hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mashimoni kama maji, hasa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mbuzi akishuka shimoni hulala, na haamki. Hiyo ndiyo mazuku, na kila mtoto wa Goma hufundishwa kabla ya kujua kusoma: kitu kikianguka shimoni, usikiinamie, kitoe kwa mti mrefu, kisha kipandishe juu, mahali penye hewa. Basi watu hawa walimpata mnyama wa ziwa, wakamhurumia, na kwa huruma yao wakampandisha mahali pa juu kabisa walipopajua duniani.

"Ni nani aliyemwokoa?" nikauliza.

Yule mama wa kwenye kiti akainua kidole bila kumwamsha mtoto. Jina lake ni Uwizeye, lakini wote humwita Mama Ange, kwa jina la binti yake wa mwisho.

"Nilishuka Kituku, kule ziwani, kufua," alisema. "Nikamuona amelala kwa shimo, pale kwenye mawe meusi. Nikawasha karatasi, nikaitupa chini, ikazima. Nikasema, njo hiyo. Nikatwaa ule muti wa kuanikia nguo, nikamuvuta polepole mpaka juu. Alikuwa mulegevu kama soksi. Nikamupepea. Akapiga chafya. Nikasimamisha pikipiki."

"Ulipanda naye pikipiki?"

"Nililipa nafasi mbili. Ule kijana alisema mutoto anayekojolea koti ya dereva ni abiria."

Nilicheka, na yeye akacheka, na mtoto akastuka akaanza kulia. Ni sauti nyembamba sana, mlio mmoja unaorudiwa. Mama Ange akaanza kumwimbia kwa pua, akampapasa mgongo, mtoto akanyamaza.

"Mama Ange," nikasema, "ulifanya vizuri kabisa. Bila wewe angekuwa amekufa."

"Mumesikia?" akawauliza majirani. "Mutu wa université amesema."

"Lakini sasa lazima arudi chini."

Mifuniko ikasimama tena. Hata Papa Barthélemy aliacha kupepea.

Jirani mmoja alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba Ange ameolewa mbali, mji wa Kiwanja, baada ya Pasaka, na kwamba tangu siku hiyo mama yake anazima redio mapema na kulalamikia mgongo. "Leo hajataja mugongo hata mara moja," alisema. "Mwachie mutoto hata kwa wiki."

Nilitamani kumwacha. Moyo wangu ni mwepesi kwa mambo kama hayo, na rafiki zangu wananicheka. Lakini nilimgusa mtoto tumboni, nikakuta ni tupu na laini kama mfuko. Meno yake ndiyo kwanza yanachomoza. Huyu hakuweza kula samaki, na maziwa ya ng'ombe yangemharibu. Kama jua lingezama kabla hajanyonya, hakuna mfuniko wa sufuria ambao ungemsaidia.

Nilirudi nikakaa sakafuni mbele ya Mama Ange, nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza.

Alisikiliza. Kisha akauliza, "Na unajuaje mama yake iko mzima? Labda mazuku ilimutwaa na yeye."

"Sijui," nikakubali. "Asubuhi, pale shimoni, hukuona kitu kingine? Hukusikia?"

"Nilisikia vijana wa pirogi tu, wale wavuvi. Walikuwa wananipigia muluzi. Nilikuwa nimeinama, nimevaa kitenge kipya, na mutu nyuma ya mawe, fiii, fiii. Niliinuka nikawatukana vizuri."

"Uliwaona wakipiga mluzi?"

"Niliona Jeancy amekaa kwenye pirogi yake. Iko nani mwingine?"

"Ulikuwa mluzi mrefu? Unaopanda mwishoni?"

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Mtoto, kana kwamba ameulizwa yeye, akatoa ule mlio wake mwembamba, mrefu, unaopanda mwishoni.

Mama Ange akaweka mkono mdomoni.

"Yesu," akasema. "Nimemutukana Jeancy bure. Na mukwe wake alikuwa pale pale."

*

Pikipiki hazikutaka kutuchukua. Habari za koti zilikuwa zimeenea kituoni. Tulichukuliwa na Habarurema, aliyekuwa ameshusha kabichi za Kibumba mlangoni mwa jirani na sasa chukudu yake ilikuwa tupu. Chukudu ni gari letu la mbao: ubao mrefu, magurudumu mawili, usukani kama pembe za ng'ombe, na injini yake ni mteremko. Kwa bahati, kutoka Majengo mpaka ziwani mji wote unateremka.

Mama Ange alikataa kumweka mtoto ndani ya basini. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, fundo kifuani, kama anavyobebwa mtoto yeyote, akapanda ubaoni akakaa nyuma yangu.

"Mama, jifanye gunia ya viazi," Habarurema akamwelekeza. "Gunia haisogei."

"Gunia haina mugongo," Mama Ange akajibu.

"Ulisema leo hauumi," nikamkumbusha.

"Sikusema. Ni majirani walisema. Endesha, mutoto."

Tukaondoka. Mawe ya volkano yalitupiga kutoka chini kwa mpangilio wao wenyewe, na Habarurema aliendesha akiwa ameweka goti moja ubaoni, mguu wa pili ukikanyaga kipande cha tairi kinachotumika kama breki, akipiga kelele "Mgonjwa, mgonjwa" ili watu watupishe. Watu walipisha, kisha wakatazama mgongoni mwa Mama Ange, kisha wakatazamana. Mwanamke mmoja mwenye bidoni za maji alitembea pembeni yetu kidogo akauliza mtoto ana ugonjwa gani kuwa na manyoya namna hiyo.

"Amefanana na baba yake," Mama Ange akasema, na chukudu ikapata mwendo.

Tulipopita mzunguko wenye sanamu ya chukudu, Habarurema aliinua mkono. "Jambo, muzee," akaiambia. Aliniambia huisalimia kila siku, kwa sababu ndiyo chukudu pekee mjini isiyotoboka tairi.

Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mtoto alikuwa ameacha kulia tangu tuvuke barabara kubwa, na sikujua kama amelala au amechoka.

*

Ufukoni Kituku, pirogi za sambaza, yaani mitumbwi ya wavuvi, zilikuwa zimepumzika. Kwetu huvua kwa pirogi tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zikining'inia katikati, na mchana wavuvi hukaa ndani yake wakishona matundu. Jeancy, mkubwa wa kundi moja, alikuwa akishona na mwenzake Olivier. Alipomwona Mama Ange akishuka kwenye chukudu, aligeuza kiti chake akatuonyesha mgongo.

"Jeancy," nikamwita. Nilimfahamu, amewahi kunikopesha wavu wa kuonyesha shuleni. "Tunahitaji pirogi."

"Mwalimu, mwambie ule mama kwamba mimi siko hapa."

"Uko hapa."

"Mwili njo uko hapa. Heshima yangu ilikufa asubuhi. Tunangoja maziko."

Olivier alikuwa akicheka mpaka sindano ya nyavu ikamtoka. "Ule mama alimwambia amelelewa na vyura," alinieleza. "Mbele ya Mama Munezero."

Alionyesha kwa kidevu. Hatua chache pembeni, juu ya mawe, mama mmoja mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani alikuwa akisuuza shuka. Alikuwa Mukakalisa, ambaye binti yake Munezero ameolewa na Jeancy juzijuzi tu. Shuka lile, Olivier akasema, amelisuuza tangu asubuhi, na lilikuwa safi tangu nyumbani.

Kwa watu wa nyumba zao mukwe ni kama kanisa: unapita umevua kofia na sauti umeiacha nje. Jeancy hataji jina la mama mkwe wake, hamkazii macho, na akikutana naye njiani hupisha mpaka mtaroni. Hata mluzi wa kawaida, wa kuita mbwa, haupigi mahali mama huyo anaposikia. Na leo ufuko mzima umetangaziwa kwamba anawapigia mluzi wanawake wenye umri wa mama yake.

"Haukuwa wewe," nikamwambia Jeancy. "Alikuwa fisi maji. Mama wa huyu."

Akageuka nusu. Akamwona mtoto.

"Huyu njo anatupasuliaga nyavu."

Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu kaa na vyura ambao fisi maji hula, na jinsi ziwa lenye fisi maji lilivyo ziwa zima. Nikaiacha. "Ndiyo," nikasema. "Mama yake anaweza kupasua wavu, sikudanganyi. Lakini leo ndiye shahidi wako pekee."

Neno shahidi lilimwingia. Akaweka sindano chini.

Mama Ange hakungoja. Alitembea mpaka kwenye yale mawe, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Mukakalisa akainamisha kichwa.

"Mama Munezero, nilimutukana mukwe wako bure. Yeye hakupiga muluzi. Ni mama wa huyu nyama alipiga, anatafuta mutoto wake."

"Mimi sikusema kitu," Mukakalisa akajibu. "Niko nafua."

"Naomba musamaha kwako, kwa sababu wewe njo ulisikia."

"Nyama hapigi muluzi."

"Twende tumusikie."

Mukakalisa alikamua shuka polepole, akalikunja likiwa bichi. "Nitaenda," akasema, akitazama ziwa na si pirogi. "Nikisikia, nimesikia. Nisiposikia, binti yangu ana kaka zake wa kumurudisha nyumbani."

Njia ya nchi kavu ya kufika kwenye mawe meusi ya asubuhi hupita ukingoni mwa lile shimo la mazuku, kwa hiyo tulikwenda kwa maji, upepo wa mchana ukitupiga usoni. Shida ilikuwa kukaa. Jeancy alikwenda pirogi ya kushoto kabisa, mgongo kwetu. Mukakalisa akapanda ya kulia kabisa, akafungua mwavuli upande wa mukwe wake. Sisi tulikaa kwenye ya katikati na Olivier.

"Miaka yote navua," Olivier akasema, "ni mara ya kwanza naona pirogi yenye mupaka na forodha."

Mama Ange hakucheka. Alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili. Kumbe hajawahi kupanda pirogi maishani. Hufua ukingoni na kurudi zake. "Maji iko mingi," aliniambia, kwa sauti ndogo.

Tulisimama karibu na mawe meusi. Nikaomba wote wanyamaze. Mawimbi yalilamba jiwe, yakaliacha, yakalilamba tena. Hakuna kilichojibu. Tulingoja mpaka kivuli cha mwavuli kikahama kutoka bega la Mukakalisa mpaka magotini.

"Mutoto alie," Olivier akanong'ona. "Mama yake amusikie."

Lakini mtoto hakulia. Nilimfungua kidogo mgongoni, nikamwona amefumba macho, pumzi zake zikipanda na kushuka upesi. Nilimgusa masharubu, akageuza uso tu. Niliwaza watoto wa Jumatatu na picha zangu zote, na nikaona kwamba sitaweza kusimama mbele yao.

"Kuna kitu kinachofanana na sauti ya mama yake?" nikauliza, nikijiuliza mwenyewe.

Olivier akakohoa. "Iko muluzi ya Jeancy. Ile ya kupigia makasia. Ndefu, inapanda mwisho. Hakuna anayeiweza kama yeye."

Wote tuliangalia mgongo wa Jeancy. Mgongo ukakakamaa.

"Hapana," akasema. "Si hapa."

"Ni kwa ajili ya mtoto," nikamwomba.

"Mwalimu, niko nakueleza. Si hapa. Hata kama ni mutoto wangu."

Nilielewa, na nilitaka kulia. Alichotakiwa kufanya ndicho kile kile alichotukaniwa, na masikio yale yale yalikuwa nyuma ya mwavuli. Mama Ange akaanza kuimba kwa pua, wimbo ule wa etaji, na sauti yake ilitetemeka kwa kuogopa maji.

Mwavuli ukainama kidogo.

"Nshobole," Mukakalisa akaniita. "Kuna mutu katika pirogi ya kule. Mwambie: muluzi ya barabarani ni uhuni. Muluzi ya kazi ni kazi. Apige."

Niligeuka. "Jeancy, umeambiwa kwamba—"

"Nimesikia," akasema. "Lakini niambie wewe. Inatakiwa nisikie kutoka kwako."

Nikamwambia, neno kwa neno. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akapiga.

Ulikuwa mluzi mzuri. Sijui jinsi ya kuueleza. Ulitoka chini ukapanda kama kamba inayovutwa, ukakatika juu ya maji. Mara ya kwanza, mawe yaliurudisha. Mara ya pili kitenge kilitikisika. Mtoto aliinua kichwa begani mwa Mama Ange, akapanua mdomo wake mdogo, akajibu. Jeancy akapiga tena, mtoto akajibu tena, na safari hii ulikuja mluzi wa tatu, kutoka nyuma ya jiwe.

Kichwa kikatokea majini, chenye koo la madoa meupe. Kikazama. Kikatokea karibu zaidi.

"Mama Ange," nikanong'ona. "Fungua."

Mikono yake ikaenda kwenye fundo, ikakaa pale. Mtoto alikuwa sasa analia kwa nguvu zote, akimkwaruza mgongo.

"Fundo imekaza," alisema.

Fundo halikuwa limekaza. Nililiona. Olivier naye, ambaye husema kila kitu, aliisogeza tu pirogi mpaka ubavu wake ukagusa jiwe bapa.

"Ange naye alilia hivi," Mama Ange akasema, "gari ya harusi ilipofika. Nilifikiri analia kwa sababu ananiacha. Kumbe kiatu ilikuwa inamubana."

Akafungua. Akamshika mtoto kwa mikono miwili, akainama kupita ubavu wa pirogi, yeye aliyekuwa akiogopa hata kukaa, akamweka juu ya jiwe. Mama fisi maji alipanda upande wa pili, maji yakimchuruzika. Alimnusa mtoto, akapiga chafya, bila shaka kwa sababu ya harufu ya sabuni na Fanta, akamnusa tena. Kisha akamkamata ngozi ya shingo, akatutazama sote mmoja mmoja, akaingia majini. Kulibaki miduara juu ya maji, kisha haikuwepo.

Mukakalisa alifunga mwavuli wake.

"Ule wa asubuhi ulikuwa wa nyama," alitoa hukumu. "Muluzi ya mukwe wangu ni nzuri zaidi."

Jeancy hakugeuka. Lakini masikio yake, kwa nyuma, yalionekana yanatabasamu. Aliimba njia yote ya kurudi, na alitunga ubeti mpya wa kupigia makasia, kuhusu kijana aliyelelewa na vyura akaoa katika nyumba njema. Mukakalisa alipiga makofi kwa vidole viwili, ndani ya shuka bichi, akidhani hakuna anayemwona.

Mama Ange alikaa na kitenge kitupu magotini. Alikinusa.

"Hii sitaifua leo," akasema.

Tulipofika ufukoni Habarurema alikuwa anatungoja, ingawa kupanda mlima chukudu haichukui abiria. Tuliisukuma wote watatu. Katikati ya njia Mama Ange alisimama kupumua.

"Lundi unafundisha wapi?"

"Jumatatu? Shule ya Murara, darasa la nne."

"Nitakuya. Lakini sehemu ya mazuku nitaisema mimi. Wewe unasemaga murefu."

*

Alikuja, amevaa kitenge cha kijani. Kilikuwa hakijafuliwa, na watoto wa mstari wa mbele walilitambua hilo mara moja. Nilionyesha picha zangu: sambaza, kaa, ndege wa ufukoni. Nilipofika kwenye picha ya fisi maji, nilikaa.

Mama Ange alisimama mbele ya ubao na mfuniko wa sufuria mkononi.

"Mukiona nyama amelala kwa shimo, asubuhi, munaingia?"

"Hapana," darasa likajibu.

"Munaita nani?"

"Mutu mukubwa mwenye muti murefu."

"Mutu mukubwa anamufanya nini?"

"Anamupandisha juu."

"Halafu?"

Hapo walisita. Walimu wao, wazazi wao, mji wao wote ulikuwa umewafundisha mpaka hapo tu. Mama Ange akawapepea kwa mfuniko, kama anayewapa hewa ya kufikiria, akangoja. Mwishowe msichana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Halafu anamurudisha chini, kwa mama yake."

"Njo hiyo," Mama Ange akasema. Akanigeukia, akanipa mfuniko niushike. "Mwalimu, endelea. Lakini ufupishe, wananisubiri Majengo. Ange anakuya leo kunitembelea, na sijapika."